Filamu za wanandoa wapelelezi: anzeni na ya 1934

Ndugu, umeuliza muanze na ipi kati ya filamu za kale za Hollywood za wanandoa wapelelezi, ilhali mkeo huchoshwa na picha zisizo na rangi. Anzeni na The Thin Man ya mwaka 1934, wala msihangaike kumtafuta muuaji. Sikilizeni jinsi waigizaji William Powell na Myrna Loy, wakiwa wanandoa Nick na Nora, wanavyotaniana huku wakiheshimiana, kwa kuwa utamu wake uko hapo, nao haujachuja hadi leo. Mimi na mke wangu tulizipenda tulipoacha kuhesabu washukiwa. Kisha tazameni mwendelezo wake wa 1936. Filamu zote za mfululizo huu ni sita, ya mwisho ikiwa ya 1947. Wahusika hunywa pombe mno, hivyo ikiwa mmoja wenu anajinasua na ulevi, aongee kwanza na mshauri wake.