Nimehama Mwanza kuja Dar, nilidhani watu wa huku hawapendi wageni

Mkuu nimesoma ulichoandika nikarudia tena, maana ni kama umeuandika mwaka wangu wa kwanza hapa mjini. Umehama Mwanza una miezi mitatu, umepanga Kimara Temboni, kazi Posta, siku za wiki uko sawa ila Jumapili unalala mpaka saa nane mchana kwa kuwa huna pa kwenda. Wenzako kazini mnacheka vizuri tu lakini hakuna hata mmoja aliyekwambia karibu nyumbani. Na wale wazee wa kahawa hapo kwenye mwembe walikuuliza kwenu wapi, ukasema Mwanza, toka siku hiyo ukipita wanapaza sauti "Msukuma huyoo" na kucheka, mpaka umeamua kuzungukia njia ya nyuma. Unauliza watu wa Dar wana roho mbaya au tatizo ni wewe, na kama ni bora urudi.

Usirudi kwanza. Ngoja nikueleze yaliyonikuta mimi, ni marefu kidogo naomba univumilie.

Mi nilikuja 2014, nimetokea Mabatini pale Mwanza, enzi hizo basi zinashusha Ubungo (sa hivi ni Mbezi, stendi ya Magufuli). Nikakaa kwa binamu yangu Tabata mwezi mmoja, afu nikapata chumba Mbagala Kizuiani kwa sababu kazi ilikuwa Gerezani kwenye duka la spea na kodi ya Mbagala ndo niliyoimudu. Nilikuja na matumaini makubwa kwa sababu nilikuwa na marafiki wanne niliosoma nao Mwanza ambao wote walishatangulia huku. Nikajua sina shida ya watu. Mmoja alikuwa Tegeta, mwingine Gongo la Mboto, mwingine Kimara kama wewe, na wa nne Kigamboni. Mwaka mzima ule hatukuwahi kukaa meza moja wote watano, hata siku moja. Na wale ni watu ambao Mwanza nilikuwa natoka Mabatini kwa miguu naenda Kirumba kuwaona jioni bila hata kupiga simu, unafika unakuta wanakula unanawa mikono unakaa.

Niliumia sana. Nikasema hawa wameshakuwa wa mjini, wamenisahau. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huku urafiki unakaa kwenye barabara. Angalia Dar ilivyo, Kilwa Road, Nyerere Road, Morogoro Road, Bagamoyo Road, zote zinatoka mjini zinatanuka kama vidole, na ukiacha Mandela na Sam Nujoma zinazokatiza pale katikati, mtu wa kidole hiki kwenda kidole kile inabidi arudi karibu na kiganja ndo aanze kupanda tena. Mbagala kwenda Tegeta kwa daladala Jumamosi ni masaa mawili na nusu ukiwa na bahati, na wa Kigamboni wakati ule daraja halijafunguliwa, lilifunguliwa 2016, ilikuwa ni kusubiri pantoni. Sensa ya 2022 Dar tulihesabiwa watu 5,383,728, wakati kule Nyamagana na Ilemela, yaani Mwanza mjini yote, kwa pamoja ni milioni 1 na kidogo. Sasa mtu ametoka kwake saa kumi na moja alfajiri siku sita mfululizo, siku ya saba unamwambia avuke jiji zima aje mpige stori? Anakupenda ila hawezi. Akikwambia "tutachekiana" usikae unasubiri simu, amekuaga kwa roho safi tu, ndo maana yake.

Hao marafiki zangu bado ni marafiki mpaka leo, ila wamekuwa wa simu na wa misiba na harusi. Wa kila siku ilibidi niwapate Kilwa Road, barabara yangu ya Mbagala.

Kuhusu wa kazini. Pale dukani kulikuwa na jamaa mmoja tulizoeana mno, kila asubuhi tunaenda kwa mama ntilie nyuma ya duka, supu na chapati mbili, na mara nyingi analipa yeye, nikitaka kulipa anasema lipa kesho. Mwaka na zaidi hajawahi kunikaribisha kwake. Nikawa nalisema moyoni, huyu ananichekea tu. Siku moja mtoto wake akalazwa, akanipigia nimsaidie kupeleka vitu nyumbani kwake Chanika. Nilipofika nikakuta chumba kimoja, yeye, mke, watoto watatu na mdogo wake wa kike nyuma ya pazia. Hakunificha, akaniambia "kaka, ningekukaribisha ukae wapi?" Nilirudi na lile swali mpaka Mbagala. Kumbe pale kwa mama ntilie ndo palikuwa sebuleni kwake, alikuwa ananikaribisha kila siku na mimi sioni, nasubiri nikaribishwe kama kule kwetu. Kwa hiyo mkuu hesabu upya, nani anakusubiri mtoke pamoja saa sita mchana, nani anakulipia chai, nani anakuwekea siti kwenye mwendokasi. Hapo ndo umeshakaribishwa.

Sasa nije kwenye kosa langu, hili ndo lililonifanya niandike kirefu hivi maana sitaki likupate.

Nyumba niliyopanga mwenyewe ni Mzaramo, wenyeji wa huku pwani, anaishi humo humo na familia, sisi wapangaji vyumba sita uani. Mwezi wa tano toka nihamie, usiku kama saa tisa nikasikia vilio, mama yake mzazi amefariki. Asubuhi natoka nakuta wanaume wameshakaa kwenye majamvi hapo nje, turubai linafungwa. Nikasimama na begi langu mgongoni, nikasema poleni sana, wakaitikia, nikaenda zangu kazini. Mi akilini nilikuwa nimepanga vizuri kabisa, jioni narudi mapema, napitia rambirambi, nakaa nao nalala pale pale nje kama tunavyofanya kwetu. Kwetu msiba unaweza kukaa siku tatu mkisubiri ndugu wa Sengerema na wa Geita wafike, mtu hazikwi mbio. Narudi saa moja jioni nakuta ameshazikwa toka mchana, baada ya swala ya adhuhuri. Wapangaji wote watano walikuwepo makaburini. Mimi tu ndo sikuwepo.

Hakuna aliyenisema. Hilo ndo lilikuwa baya zaidi, maana ningegombezwa ningejitetea. Salamu tu zikawa fupi. Zamani wakiwa wanakula uani nikipita lazima nisikie "karibu", nami najibu "starehe" naendelea, sasa nikipita kimya. Nilijisikia kama mwizi kwenye nyumba ninayolipa kodi.

Aliyekuja kuniambia ni mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuhusu wazee wako wa kwenye mwembe. Huyu mzee tangu nifike alikuwa ananiita Msukuma, ananiuliza mbele za watu ng'ombe nimewaacha na nani, mara oh Msukuma leo kavaa viatu. Nilikuwa nakereka mno, nilimchukia, nilikuwa navuka barabara nisipite karibu yake. Sasa wiki kama mbili baada ya msiba akanishika mkono kabisa akanikalisha kwenye benchi, akaagiza kahawa na kashata, akaniambia, "Mtani, kwenu mnakaa na maiti siku tatu, kwetu akifa alfajiri mchana kashalala kwake. Na hatuiti mtu msibani. Unasikia, unaingia."

Neno mtani. Nilikuwa sijui. Wazaramo na sisi watu wa kule, Wasukuma na Wanyamwezi, ni watani toka enzi za misafara, wazee wetu walikuwa wanashuka pwani na mizigo wanafikia kwa hawa hawa. Mtani wako anakutania mbele za watu kwa sababu ana haki hiyo kwako, na wewe unayo kwake, na mtani ndo anayekuja kukwambia ukweli ambao ndugu anaona aibu kukwambia. Mtu asiyekutambua hakutanii, anakupita tu kama anavyopita nguzo ya umeme. Miezi yote ile mi nilikuwa namkimbia mtu pekee aliyekuwa ameshanipokea.

Akaniambia arobaini inakuja, nisikose. Nikaomba ruhusa kazini siku mbili, nikanunua sukari kilo tano na mchele, nikampelekea mama mwenye nyumba siku moja kabla, nikamwambia mama naomba radhi, sikujua, kwetu inakuwa tofauti. Akasema "hayo yameisha mwanangu, kesho tuna kazi." Asubuhi nikaamka nao, nimechota maji, nimepanga mawe ya majiko, nimebeba masufuria ya pilau, jioni nimekunja majamvi na vijana wa mtaani ambao mpaka siku ile sikuwa najua jina la hata mmoja. Mmoja wao akaniuliza kama nakimbia. Wiki iliyofuata nikawa kwenye jogging yao, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi mnakimbia mnaimba mpaka Rangi Tatu mnarudi, baadaye chai. Hizi jogging huku Temeke zina mambo mengi, mnachangiana kwenye kuuguza na kuzika, mmoja akipata kazi anawaambia wengine. Fundi wangu wa umeme, mtu aliyenitafutia kiwanja, hata aliyenisindikiza hospitali nilipozidiwa na malaria usiku, wote wametoka kwenye kukunja yale majamvi.

Na toka hapo nikisafiri kwenda Mwanza funguo ya chumba naacha kwa mama mwenye nyumba. Nikirudi namletea michembe (vile viazi vitamu vya kukausha) na dagaa wa ziwani. Mwanzo michembe aliitazama tu, sasa ananiulizia mwenyewe.

Mambo mengine nayapitia haraka. Michango ya harusi, utaona mwenyewe, utaingizwa kwenye magrupu ya watu hata huwajui sura. Mi mwaka wa kwanza nilikataa yote nikaonekana bahili, 2017 nikachangia yote nikakaa mwezi nakula ugali na dagaa. Sasa nimeweka utaratibu, yule ninayemsalimia kila siku namchangia hata kama ni elfu kumi na kikao naenda, nisiyemjua namwambia kwa heshima mwezi huu sijakaa vizuri, nawaombea kheri. Hakuna aliyewahi kunichukia kwa hilo.

Grupu za watu wa Mwanza waliopo Dar, jiunge, ila usifanye ndo maisha yako. Nilikaa humo miezi mingi tunasifia upepo wa ziwa pale Capri Point na kuwasema watu wa Dar, kila nikitoka humo nazidi kuuona huu mji mbaya.

Kama ni Mkatoliki tafuta jumuiya yako ya Temboni, zinasali Jumamosi asubuhi nyumbani kwa watu kwa zamu, hiyo ndo njia rahisi kuliko zote ya kuingia kwenye nyumba za watu huku, na siku yako ya zamu ikifika watakuja hapo kwako hata kama ni chumba kimoja, watakaa mlangoni na uani. Kama ni Muislamu swali msikiti wa mtaani kwako, wa Posta mwachie mchana wa kazi. Mpira pia angalia kwenye kibanda cha hapo hapo Temboni, usifuate skrini kubwa ya mbali. Na nenda kajitambulishe kwa mjumbe wako, ukipata shida usiku yeye ndo mtu wa kwanza wa kumwendea.

Huyo wa kazini uliyesema anakaa Mbezi kwa Msuguri, hiyo ni barabara yako, mnarudi njia moja. Anza na huyo. Wa mbali, wa Mbagala na wa Bunju, wapende ila usiwadai Jumapili zao.

Wale wazee acha kuwakwepa. Kesho asubuhi pita pale pale kwenye mwembe, wape shikamoo wote, wakipaza hiyo sauti yao waulize kati yenu nani Mzaramo, akinyoosha mkono muulize anakudai nini wewe mtani wake mpaka akufanyie kelele asubuhi asubuhi. Watacheka sana. Kaa, kunywa kikombe kimoja, kabla hujaondoka uliza kama kuna msiba mtaani.