Nipe Dawa, Siumwi

Mimi ni mtu wa Dodoma, na kwetu ukitaja kinywaji cha kustarehe watu wanafikiria mvinyo wa zabibu. Konyagi niliijua kwa sifa mbaya tu, kile kilevi cha vijiweni kilichouzwa kwenye viroba mpaka serikali ikavipiga marufuku Machi 2017. Kwa hiyo kama kuna mtu angeniambia nitapanda treni ya umeme mpaka Dar na kurudi nikiisifia nyagi, ningemwona mchokozi.

Usiku wa kwanza nilifanya kosa la wageni. Nikaagiza mojito hotelini nilikofikia. Ikaja soda yenye majani mawili ya nanaa, na bili ambayo mpaka leo sijamwonyesha mume wangu.

Kesho yake jioni nikavuka feri na shoga yangu kwenda Kigamboni. Baa yenyewe ya makuti, viti vya plastiki, miguu kwenye mchanga. Kaunta akaja: "Karibu dada, unatumia nini?" Kwa machungu ya jana nikamwambia aniletee anachokisifia mwenyewe.

"Nikupe dawa?"

"Siumwi, kaka."

"Hata waliokutangulia hawakuwa wanaumwa."

Dawa ni jina la kinywaji cha kuchanganya, na si ya Dar kwa asili. Ilipatia jina Nairobi, na huko huwa ni vodka, ndimu, sukari na asali, mtindo wa caipirinha ya Wabrazil. Huyu wetu vodka hakuigusa. Akashusha chupa ya Konyagi, nami nikajuta papo hapo, ila aibu ya kughairi ikanizuia.

Ikabidi nimwangalie mikono. Alikata ndimu vipande vinne, akaitia kwenye glasi na kijiko cha sukari, akaiponda kwa mchi mdogo wa mbao, mara tatu nne basi. Ukiponda zaidi, ganda linatoa uchungu. Akamimina asali nyeusi, ya Tabora alisema, ile yenye kaharufu ka moshi. Halafu nyagi, akakoroga mpaka asali ikapotea kabisa. Barafu ilikuja mwisho. Niliporudi nyumbani nikajifanya mjuaji nikaanza na barafu: asali ikaganda chini kama gundi, juu nikanywa ndimu tupu yenye pombe. Kumbe ule mpangilio wake ndio kinywaji chenyewe.

Na ladha? Ile nyagi inayokwaruza koo sikuiona. Ndimu iliitangulia, asali ikaifuata nyuma, katikati kukabaki kaujotojoto tu. Nilimaliza glasi kabla mishkaki haijaiva.

Hapo ndipo penye mtego, na ndicho hasa ninachotaka usikie. Konyagi ina kilevi asilimia 35. Kipimo cha mililita 50 kina zaidi ya mililita 17 za pombe tupu, na bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Maana yake dawa mbili zimeshaipita bia moja, tena bia inakujaza tumbo na kukupunguza kasi, wakati dawa inateleza kama juisi ya miwa. Agiza chakula kwanza, weka maji mezani, na kama umekuja na gari, mpe funguo asiyekunywa. Mimi niliishia mbili. Ya tatu niliitamani sana, sitadanganya.

Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako. Ukiona anakuja na limau badala ya ndimu, mwombe ndimu, maana limau linaifanya dawa ipooze. Asali ikiwa haipo na anataka kuziba pengo kwa sirapu, usigombane naye, agiza bia.

Shoga yangu hanywi pombe. Kaunta akamtengenezea yake vilevile, ndimu, asali na mchi, ila badala ya nyagi akamimina Stoney Tangawizi ya baridi. Nilionja. Kwa mchana wa joto la Dar, yake ilishinda yangu.

Nimerudi Dodoma na chupa ndogo pamoja na ndimu za Kariakoo. Mume wangu, mtu wa zabibu kwelikweli, kaikuta mezani kauliza hiyo dawa ya nani na anaumwa nini. Nikampa mchi aponde.