Maswali ya wapiga chuma: mizani imegoma, vyuma vya zege na shindano la kwanza

Maswali ya safari hii yametoka hapa mkoani Kigoma: Mwanga, Ujiji, Uvinza mpaka Kasulu. Karibu yote yanauliza jambo moja: nitajuaje kwamba mwili unabadilika kweli, na nitajuaje kwamba niko tayari kushindana?

Kocha, huu mwezi wa nne napiga chuma na mizani inasoma kilo 68 zilezile nilizoanza nazo. Wenzangu wanasema najichosha bure. Niache? (Kijana wa Mwanga)

Usiache, mdogo wangu. Hukuniambia suruali inakaaje kiunoni, wala unanyanyua kilo ngapi sasa, na jibu lako liko huko. Anayeanza mazoezi anaweza kupunguza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja, mizani ikabaki palepale. Tena mizani inapima kila kitu: maji uliyokunywa, ugali wa jana usiku, chumvi ya mchuzi. Uzito kupanda au kushuka kilo moja au mbili kati ya siku na siku ni jambo la kawaida.

Pima asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, siku tatu au nne kwa wiki, halafu tafuta wastani. Linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita, achana na habari za leo na jana. Nunua futikamba ya fundi cherehani: kiuno usawa wa kitovu, paja katikati, mkono. Kila wiki mbili inatosha. Picha piga mara moja kwa mwezi, mahali palepale na saa ileile, maana mwanga wa pembeni unachora misuli hata pale ambapo haijaongezeka.

Kwa anayetaka nguvu, hata hivyo, kipimo kikubwa ni daftari. Andika tarehe, zoezi, kilo na marudio. Kisha fanya hesabu hii: zidisha kilo kwa marudio, gawanya kwa 30, jumlisha na kilo ulizobeba. Ukipiga kilo 80 mara 5, uwezo wako wa kunyanyua mara moja ni kama kilo 93. Baadaye ukizipiga kilo 80 hizohizo mara 8, umefika kama 101. Mizani haikukwambia lolote, kumbe umeongeza kilo 8 za nguvu. Ni makadirio, na yanakaribia ukweli zaidi marudio yakiwa chini ya 10.

Na ule. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni lengo zuri. Kwako ni kama gramu 109. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini, nasi tunaishi mahali ambapo dagaa wanaanikwa hadharani. Ongeza maharage na mayai. Huna haja ya kopo la unga wa bei mbaya.

Vyuma vyetu ni vya zege, tumemimina wenyewe kwenye ndoo za rangi. Hatujui kilo zake. Tutajuaje kama tumeongezeka? (Vijana wa Uvinza)

Swali hili nimelifurahia kuliko yote, kwa sababu nusu ya wapiga chuma wa mkoa huu wameanzia hapo. Zege lililoshikana vizuri lina uzito wa kama kilo 2.4 kwa lita. Kopo la lita 4 likijaa linakupa kama kilo 9 na nusu, ndoo ya lita 10 kama 24, na ile ya lita 20 inakaribia 48. Lakini hayo ni makadirio. Kokoto zikiwa nyingi upande mmoja, au zege likibaki na matundu ya hewa, ndoo mbili za kiwanda kimoja zinatofautiana kilo mbili au tatu. Ukizivalisha kwenye bomba moja, bega moja linafanya kazi kuliko jingine kila siku, na baada ya miezi mgongo unaanza kulalamika.

Kwa hiyo lisubirini zege likauke kama mwezi mzima, maana linapoteza maji na uzito unapungua. Kisha libebeni hadi kwenye mizani ya magunia, kwa wanunuzi wa mazao au mashine ya unga, na muombe kupima. Kila kipande kiandikwe kilo zake kwa rangi ya mafuta, pamoja na bomba lenyewe. Kilichozidi kichongwe kwa patasi mpaka kilingane na mwenzake. Kwa nyongeza ndogo tumieni mifuko ya mchanga ya kilo moja moja, kwa sababu kuongeza ndoo nzima kwa mpigo ndiko kunakoumiza watu. Na fungeni ncha za bomba kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani. Zege likichomoka upande mmoja, upande wa pili unashuka na aliyebeba.

Jueni pia kwamba chuma cha mashindano kina kilo 20 na unene wa milimita 28 hivi. Bomba lenu nene linachosha kiganja mapema, kwa hiyo msishangae siku mkishika chuma halisi mkanyanyua zaidi.

Nimeuziwa vidonge vya kunenepa, nimeongeza kilo 6 kwa mwezi na uso umejaa. Niendelee mpaka mashindano? (Hakutaja anapotoka)

Hapana, na nakuomba usome hili mpaka mwisho. Vidonge vingi vinavyouzwa hivyo mitaani vina deksamethasoni. Ni dawa halali ya hospitali kwa magonjwa maalumu, lakini kwa mtu mzima wa afya inajaza maji mwilini, inavimbisha uso, inapandisha presha na sukari, na inakula misuli ya mapaja na mabega. Yaani unaongezeka kilo huku nguvu inapungua. Zaidi ya hapo, ikimezwa ni marufuku wakati wa mashindano chini ya kanuni za kimataifa za dawa michezoni.

Kama umemeza kwa wiki kadhaa, usiache ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umesimamisha homoni yake na unaweza kuzidiwa. Nenda hospitali na pakiti mkononi, Maweni au kituo chochote kilicho karibu, umweleze daktari bila kuficha. Nenda wiki hii.

Nina miaka 44, kilo 71, watoto watatu. Kocha, umri wangu unaruhusu kushindana? (Mama wa Ujiji)

Unaruhusu kabisa, dada yangu. Kwenye pawalifti, yaani mashindano ya kunyanyua chuma kizito kwa mazoezi matatu, kwa kanuni za shirikisho la kimataifa IPF, kuna kundi la miaka 40 hadi 49, na mengine yanaendelea mpaka 70 na kuzidi. Kwa uzito, wanawake wanagawanywa kilo 47, 52, 57, 63, 69, 76, 84 na zaidi. Wewe utakuwa kwenye 76. Kama una wasiwasi wa stara ya mavazi, waandikie waandaaji mapema ueleze unachotaka kuvaa, wakujibu kwa maandishi.

Nina kilo 69. Nikivaa koti nikimbie juani, si nitaingia kundi la wanaume la kilo 66? (Mwanga)

Usifanye. Upimaji wa uzito unaanza saa mbili tu kabla ya kunyanyua, huna muda wa kurudisha maji. Shindana kwenye 74.

Shikamoo kocha. Tunakwenda Dar es Salaam kushindana mara ya kwanza. Dedilifti yangu bora (kunyanyua chuma kutoka chini) ni kilo 140. Nianze na ngapi, na siku yenyewe inakwendaje? (Kasulu)

Marahaba. Kabla ya kutuma hela ya kiingilio, ulizeni kama chama kinachoandaa kimesajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na kanuni gani zitatumika.

Utaratibu ni huu: skwati (kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani), benchi presi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali), halafu dedilifti, majaribio matatu kila moja. Jaribio bora la kila zoezi linajumlishwa. Waamuzi ni watatu, na anayekubali anawasha taa nyeupe; taa mbili nyeupe zinatosha. Ukikosa majaribio yote matatu ya zoezi moja, huna jumla, umetoka. Ndiyo maana la kwanza liwe uzito unaoweza kuupiga mara tatu hata ukiwa umeamka vibaya. Kwa 140 yako: anza 127.5, kisha 135, kisha 142.5. Ukikosa unaweza kurudia uzito uleule, kushuka hairuhusiwi.

Wageni wengi wanaangushwa na amri za mwamuzi kuliko uzito. Kwenye skwati subiri "skwati" kabla ya kushuka na "raki" kabla ya kurudisha chuma kwenye stendi. Nyonga ishuke chini ya usawa wa goti. Kwenye benchi kuna "stati", chuma kitulie kifuani, "presi", na mwisho "raki". Kwenye dedilifti usishushe mpaka usikie "dauni", na usiachie chuma kianguke. Kuanzia leo mwenzako akusimamie akizitamka kila zoezi. Kamba za kufungia viganja kwenye chuma haziruhusiwi, kwa hiyo ziache sasa.

Halafu safari. Kwa reli kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na miguu inavimba kwa kukaa. Fikeni siku mbili kabla, tembeeni jioni hiyo, na chakula mlichozoea mbebe wenyewe. Ukimaliza kila jaribio una dakika moja tu ya kutaja uzito unaofuata, kwa hiyo mmoja wenu asiyeshindana akae mezani na namba tisa za kila mmoja (mazoezi matatu, majaribio matatu) zikiwa zimeandikwa.