Nta ya skii: kwa wewe unayeanza kazi karakanani

Ukipata kazi kwenye karakana ya kukodisha skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, huku Uswisi, huenda ukaanzishwa na kupaka nta. Usiidharau. Na shika hili mapema: nta inayomsaidia mtelezaji ni ile iliyoingia ndani ya soli, yaani upande wa skii unaogusa theluji. Inayobaki juu inamkwamisha.

Soli ni plastiki ya jamii ya polithini. Zile za unga uliogandamizwa kwa joto hunywa nta vizuri kuliko zile za bei nafuu, ambazo plastiki yake huyeyushwa na kusukumwa kama utepe. Funga skii kwenye jiliwa, soli ikiangalia juu, na uzuie breki, vile vikono vinavyochomoza chini ya skii, kwa mpira. Iangalie kwenye mwanga. Ukiona weupe mkavu kandokando ya kingo za chuma, hapo nta imekwisha. Pitisha brashi ya shaba, toka ncha hadi mkia, usirudi nyuma. Ikiwa chafu sana, yeyushia nta laini na uikwangue ingali vuguvugu. Itatoka na weusi wake.

Sasa yeyushia nta juu ya soli kwa pasi ya nta, kisha uisambaze kwa pasi hiyo. Kwenye pasi ndipo soli nyingi huharibikia. Joto limeandikwa kwenye pakiti ya nta, mara nyingi kati ya nyuzi 120 na 150 za Selsiasi. Ikifuka moshi, punguza. Pasi isitulie hata kidogo: isukume taratibu, nyuma yake paonekane nta mbichi inayong'aa kwa sentimita chache kisha ififie. Gusa upande wa pili wa skii kwa kiganja. Uwe vuguvugu tu. Soli iliyoungua hainywi nta tena mpaka isagwe upya kwa jiwe. Pasi ya nguo iache nyumbani, joto lake hupanda na kushuka ovyo.

Kisha subiri. Angalau nusu saa, hata foleni ya wateja iwe ndefu kiasi gani. Anza kwa kuondoa nta kwenye kingo, halafu kwangua soli kwa kikwangua cha plastiki hadi uone kama umeimaliza yote. Wageni wa kazi huogopa hapa, wanahisi wanatupa walichopaka. Kwangua tu, kisha piga brashi ya nailoni mpaka vumbi jeupe likome.

Baridi kali hufanya chembe za theluji kuwa na ncha kali, kwa hiyo nta iwe ngumu. Theluji ya masika imelowa, maji yake hung'ang'ania soli, tumia laini. Kwa skii za kukodisha, ile ya hali zote inatosha.

Ukikuta makopo ya zamani ya nta yenye florini, usiyapashe moto. Kemikali zake haziozi ardhini wala haziishi upesi mwilini, na Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, limezipiga marufuku mashindanoni tangu msimu wa 2023/24. Mkabidhi msimamizi. Hata kwa nta ya kawaida, fungua dirisha.

Msimu ukiisha, paka nta nene, ifunike na kingo zisishike kutu, kisha usiikwangue. Bandika karatasi inayosema hivyo, ili atakayeitoa Desemba asimpe mteja kabla ya kuikwangua.