Kuandika maisha yako: usianzie "nilizaliwa"

Mkuu, umesema umestaafu na unataka kuwaandikia wajukuu habari za maisha yako, ila kila ukikaa unaandika "Nilizaliwa Ilala..." halafu kalamu inagoma. Lazima igome. Kuzaliwa kwako hukukumbuki, umesimuliwa tu. Anza na kitu ulichokiona kwa macho yako, hata kama kiko katikati ya maisha. Mpangilio utakuja baadaye.

Mimi nilianza na foleni ya duka la kaya, lile la bidhaa za mgao, Temeke, mwaka 1983. Alfajiri hawakupanga foleni watu, yalipangwa mawe. Kila nyumba na jiwe lake. La kwetu lilikuwa na ufa, na mama alikuwa analitambua hata gizani. Ole wako usogeze la mwenzio! Gari la mzigo likionekana, watu wanachomoka vichochoroni, kila mmoja anasimama penye jiwe lake. Sabuni ikikosekana tulifulia majani ya mpapai. Nilipoanza kuandika hayo mawe tu, wakaja wengine wenyewe: muuza duka na mizani yake ya mashaka, jirani aliyekuwa haelewani na mama, kaka yangu aliyetumwa kulinda jiwe akasinzia.

Miaka ikikuchanganya, tumia matukio. Shangazi yangu wa Magomeni hakumbuki tarehe hata moja, lakini ukimuuliza "ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera au baada?" (yaani 1978 hadi 1979) anajibu papo hapo. Au "Waziri Mkuu Sokoine alikuwa hajafa?", hapo unajua ni kabla ya Aprili 1984. Kwa ya karibuni zaidi, msiba wa Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999, kila mtu anakumbuka alikuwa wapi.

Na wazee usiwaulize "nisimulieni maisha yenu". Watakwambia "tuliishi vizuri, tunamshukuru Mungu", basi, mmemaliza. Uliza maji mlikuwa mnachota wapi, nani alikuwa na redio mtaani. Peleka na picha za zamani, zile za studio. Rekodi kwa simu, ila omba ruhusa kwanza, maana wengine wakiona simu imewekwa mezani wanaanza kuongea kama wanahutubia.

Kuhusu walio hai, hapa nina msimamo wangu na najua wapo watakaonipinga: ugomvi wa mirathi usiuandike kwa majina mapema. Andika yote kwenye daftari lako, lakini kabla hujampa mtu asome, mwonyeshe ndugu yako sehemu inayomhusu. Dada yangu alinisahihisha jambo moja zito kuhusu baba, na sura ile ikawa bora kuliko mwanzo.

Habari za kuchapa kitabu achana nazo kwa sasa. Nunua kaunta buku, andika ukurasa mmoja kila siku kabla hujashika simu. Ukifika kama kurasa thelathini, rudi hapa tuzungumze namna ya kuzipanga.