Upepo wa mashariki na mvua ndio huleta ndege pwani

Mtu anaweza kudhani kwamba ndege wanaohama hutua pwani kwa wingi siku ya anga safi. Hapana, anga ikiwa safi hawashuki wengi. Kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza na visiwa kama Fair Isle huko Uskoti, siku kubwa za kunasa ndege na kuwavisha pete miguuni ili watambulike baadaye, Septemba na Oktoba, huja baada ya upepo wa mashariki wenye mvua au ukungu. Ndege wadogo huondoka Skandinavia usiku anga ikiwa shwari, kisha katikati ya Bahari ya Kaskazini wanakumbana na mawingu mazito. Nyota hazionekani, upepo unawasukuma magharibi, nao wanatua kwenye nchi kavu ya kwanza wanayoiona, wamechoka kabisa. Anga ikiwa safi wengi wao hupita juu juu bila kutua.

Ila kutua ni jambo moja, kunasa ni jingine. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma kwa nguvu, nyavu nyembamba za kunasia ndege lazima zifungwe, maana ndege aliyelowa akining'inia wavuni hupoteza joto upesi na anaweza kufa. Hakuna takwimu yenye thamani ya kumpoteza ndege hivyo. Ndiyo maana vituo vingi vya pwani vya kuvisha ndege pete hutumia pia mtego wa Heligoland, wenye jina la kisiwa cha Ujerumani: wigo mkubwa wa waya juu ya vichaka, mpana mdomoni, unaozidi kuwa mwembamba hadi kwenye kisanduku. Huo hufanya kazi hata kwenye upepo ambao nyavu haziwezi kuuhimili.