Darubini ya Kompyuta Inapolenga Pasipo: Lipime Kosa Kwanza

Ukiiamuru rimoti ikupeleke kwenye Zohali na darubini ikasimama ikitazama anga tupu, usikimbilie kuifungua wala kurudisha mipangilio ya kiwandani. Mota na gia za maunti, yaani kile kichwa kinachobeba darubini na kuizungusha, ni nadra kuwa chanzo. Kompyuta iliyomo haioni anga. Inapiga hesabu kutokana na ulichoiambia: uko wapi, ni saa ngapi, na nyota uliyoiweka katikati ya lenzi ni ipi. Moja ya hayo likiwa si kweli, hesabu itakuwa sahihi na darubini itafika pasipo.

Kwa hiyo anza kwa kupima kosa lenyewe. Kipimo unacho mkononi: nyoosha mkono wote mbele, ngumi yako inafunika kama digrii 10, na kidole kidogo kama digrii 1. Mwezi mpevu ni nusu digrii. Chagua nyota angavu tatu ambazo hukuzitumia kulinganisha (kule kuweka nyota katikati mwanzoni ili kompyuta ijue mwelekeo wa anga), moja mashariki, moja magharibi, moja kusini, kisha amuru darubini iende kwenye kila moja. Andika imekosea kiasi gani na kuelekea upande gani, na usisahihishe chochote kwanza. Ukibonyeza vitufe ovyo kabla ya kuandika, umefuta ushahidi.

Kosa la makumi ya digrii karibu daima linatokana na taarifa ulizoingiza. Anga hugeuka digrii 15 kwa saa, na kwetu mtego mkubwa ni saa yenyewe. Saa mbili usiku ni 20:00 kwenye rimoti. Anayeingiza 02:00 ameisogeza anga saa 6 mbele, sawa na digrii 90, na maunti itainama magharibi kutafuta nyota iliyo juu ya kichwa chake. Dalili ya wazi ni rimoti kukupendekezea nyota ambazo hazijachomoza au zimeshazama.

Tarehe nayo ina njia yake ya kudanganya. Rimoti za NexStar (ya Celestron) na SynScan (ya Sky-Watcher) zote zinataka mwezi kwanza, siku baadaye. Ukiandika 05/08 ukikusudia tarehe 5 Agosti, rimoti inaelewa 8 Mei, siku 89 nyuma, na anga kwa siku hizo imegeuka karibu digrii 88. Kosa hili hujificha katika siku 12 za mwanzo wa mwezi tu, maana kuanzia tarehe 13 rimoti yenyewe itakataa kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Ndiyo sababu darubini iliyofanya kazi vizuri tarehe 25 inaweza "kuharibika" wiki moja baadaye.

Kanda ya saa ni +3 kwa Tanzania, Kenya na Uganda. +2 kwa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. +4 kwa Oman na Falme za Kiarabu. Rimoti ikiuliza kama mko kwenye saa za majira ya joto, jibu la nchi hizi zote ni hapana, mwaka mzima. Aliye sehemu nyingi za Ulaya au Marekani Kaskazini lazima alibadilishe jibu hilo mara mbili kwa mwaka.

Kwenye mahali ulipo, angalia herufi kabla ya tarakimu. Dar es Salaam ni 39°17' E na 6°48' S. Ukiacha W badala ya E, umejihamisha zaidi ya digrii 78. Kosa la namna hiyo linajitangaza lenyewe. La latitudo ndilo baya zaidi kwetu, kwa sababu ni dogo: Nairobi iko 1°17' S, na ukiiandika N tofauti ni kama digrii mbili na nusu tu, kiasi ambacho mtu huanza kulaumu gia. Angalia pia namna simu inavyoonyesha namba. Simu ikisema 6.80, hizo ni digrii na sehemu ya desimali. Rimoti inataka digrii na dakika, yaani 6°48'. Kama unaongoza maunti kwa programu ya simu, hakikisha programu imeruhusiwa kusoma mahali ulipo, la sivyo inaweza kutumia mahali pa zamani.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: nyota zinakuja vizuri, Mwezi na sayari hazipo. Kwa maunti inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia, ukilinganisha kwa nyota mbili, nyota hizo zenyewe huifundisha mwelekeo wa anga, na kosa la saa au kanda linafunikwa. Lakini Mwezi husogea katikati ya nyota kwa takriban digrii 13 kila siku, na nafasi yake huhesabiwa kwa tarehe na saa. Ukiona hivyo, rudi kwenye tarehe, saa na kanda. Usiguse kitu kingine.

Kosa la digrii chache, linalokuwa kubwa upande mmoja wa anga na dogo upande mwingine, mara nyingi maana yake umelinganisha kwa nyota siyo. Kwenye orodha ya rimoti kuna Rigel na kuna Rigil Kentaurus; ya kwanza ni ya kundi la Orion, ya pili ni ya kusini, na jicho lililochoka huchagua isiyo sahihi, ingawa hapo kosa huwa kubwa kuliko digrii chache. Rigil Kentaurus yenyewe ina jirani yake, Hadar, kwa umbali wa digrii 4 na nusu hivi, na zote mbili ni angavu. Castor na Pollux nazo zimekaribiana kiasi hicho hicho. Mshtarii au Zuhura ikiwa karibu na nyota uliyotajiwa, sayari ndiyo itakayokuvuta macho. Hakikisha kwa ramani ya anga kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali. Ukiwa na shaka, iruke nyota hiyo uombe nyingine.

Uchaguzi wa nyota zenyewe unahitaji uangalifu zaidi kwetu kuliko mwongozo wa kiwanda unavyodokeza. Hapa karibu na ikweta, nyota nyingi maarufu hupita utosini. Rigel hupita kwa chini ya digrii 2 kutoka utosi wa Dar es Salaam, Spica kwa digrii 4 na kitu, na mkanda wa Orion hupita karibu kabisa juu ya Nairobi. Nyota iliyo utosini haifai kulinganishia: ukizungusha maunti kushoto au kulia kwa digrii kadhaa, nyota haitoki katikati kwa kiasi kinacholingana, kwa hiyo kompyuta haipati taarifa ya kuaminika kuhusu mwelekeo wa mlalo. Tumia nyota zilizo kati ya digrii 15 na 60 juu ya upeo wa macho, zikitengana kimlalo kwa karibu digrii 90. Jioni za Januari, Canopus upande wa kusini na Capella upande wa kaskazini zote ni za urefu unaofaa, ila zinakaribia kukabiliana. Afadhali Canopus na Aldebaran, mradi Aldebaran haijapanda sana. Hata baada ya kulinganisha vizuri, usihukumu usahihi wa maunti kwa kitu kilicho utosini, maana hapo hata kufuatilia kwenyewe huwa kwa shida.

Kosa la nusu digrii hadi digrii moja ni la mkono wako. Gia zote zina plei, ule ulegevu mdogo kabla meno hayajashikana. Unapoweka nyota katikati, malizia kila mara kwa vitufe vya juu na kulia. Ikipita, irudishe nyuma kabisa kisha uje nayo tena kwa juu na kulia. Na usiridhike na lenzi ya jicho ya milimita 25. Kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1500, lenzi hiyo inakuza mara 60 na kuonyesha anga ya takriban digrii 0.8, na "katikati" ya macho inaweza kuwa pembeni. Itumie kuipata nyota, kisha badilisha ya milimita 9 au 10 ndipo umalizie. Kilenga cha nukta nyekundu kilinganishe mchana kwa mnara ulio mbali zaidi ya kilomita moja, mbali kabisa na Jua.

Ikiwa inaanza vizuri halafu inapotea kadiri usiku unavyoendelea, sasa ndipo ushuku vyuma. Klachi iliyolegea huteleza darubini ikiwa nzito upande mmoja. Ukiisukuma kwa mkono baada ya kulinganisha, maunti isiyo na enkoda za ziada, yaani vihisi vinavyosoma mzunguko wa mhimili, haitajua imehamishwa. Miguu iliyosimama kwenye mchanga huzama taratibu. Weka vibao chini yake. Umeme upime kwa mita wakati mota zinakimbia, maana betri iliyochoka huonyesha volti 12 ikiwa imepumzika na kushuka chini ya 11 mzigo unapokuja. Kwenye NexStar, maandishi No Response 16 au 17 yanamaanisha rimoti haisikii bodi ya mota ya mlalo au ya kimo; anza na plagi ya umeme na waya.

Maunti ya ikweta, yaani ile ambayo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, ina shida yake ya pekee kwetu. Ncha ya kusini ya anga, kutoka Dar es Salaam, iko chini ya digrii 7 juu ya upeo wa macho, na maunti nyingi hazishuki chini ya 10. Inua mguu wa kaskazini: kila digrii ni karibu sentimita 1.7 kwa kila mita ya upana wa miguu. Angalia uzito wa kusawazisha usigonge mguu. Mkao wa kuwashia ni uzito chini na darubini ikitazama kusini, karibu ilale kabisa. Nyota ya kaskazini haionekani kusini mwa ikweta, na Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, ni hafifu mno kwa kimo hicho, kwa hiyo tumia Polar Align ya SynScan au ile ya Celestron: linganisha kwa nyota mbili, kisha irudishe nyota katikati kwa kuzungusha bolti za maunti, si vitufe. Ukishazikaza, linganisha upya tangu mwanzo, maana hesabu ya awali ilikuwa ya mhimili ambao umeshauhamisha.